Jiko lenye kisiwa katikati kwa nyumba zetu za Uganda: ni la kupikia au la kutazama?

#1 NyumbaSeeta

Habari za jioni wakuu. Najenga Seeta, upande wa Mukono. Nyumba imefika kwenye linta na zege la sakafu lilishamwagwa. Chumba cha jiko kwenye ramani ni mita 3.6 kwa 4.5, na nimetamani kisiwa katikati, yaani kaunta inayosimama peke yake, tangu siku ya kwanza ya kuchora. Fundi mkuu anasema kitaingia bila wasiwasi: makabati kwenye kuta zote mbili ndefu, halafu kisiwa cha upana wa mita 1.2 kati yake.

Dada yangu mkubwa ana kisiwa kwake Kira na ananiambia nisithubutu. Chake kimekuwa pa kutupia mifuko ya sokoni na funguo za gari, mapishi yote yako nje kwenye sigiri ya mkaa. Na si yeye tu. Nyumba nyingi nilizoingia Kampala, kisiwa kipo, kinang'aa, hakuna anayekatia hata kitunguu juu yake.

Naomba mnisaidie kwa dhati. Kwa nini havitumiki? Ni vipimo, ni chakula chetu, au ni mafundi? Na kama nikiamua kuweka, sinki ndilo likae pale au meko?

#2 FundiNdeeba

Karibu dada. Mimi ni seremala, makabati ndiyo kazi yangu. Chukua kalamu. Kabati la chini lina kina cha sentimita 60. Kuta mbili, 120. Toa kwenye 360 unabaki na 240. Toa kisiwa cha 120, unabaki na 120, gawa mara mbili: sentimita 60 kila upande. Mlango wa oveni ukifunguliwa peke yake unakula kama 50. Wewe utasimama wapi ukitoa keki?

Huyo fundi hajapima, amekadiria kwa macho.

#3 Mchoraji_Ntinda

Hesabu ya #2 ni sahihi, ila hali halisi ni mbaya zaidi. 360 ya kwenye ramani ni tofali kwa tofali. Weka plasta na vigae pande zote mbili, chumba kinabaki kama 355. Halafu jiwe la juu ya kabati hutokeza sentimita 2 au 3 mbele ya milango, na friji nyingi zina kina cha 70 ukihesabu mkono wa mlango. Hizo 60 zako zinaweza kushuka hadi 50 na kitu mbele ya friji.

Kipimo kinachotumika duniani kwa njia ya kufanyia kazi ni kama sentimita 105 kwa mpishi mmoja na 120 kama wapishi ni wawili. Njia ya kupita tu, bila kazi, 90 inatosha.

Kwa hiyo dada, kama unakitaka kweli, achana na makabati ya ukuta mmoja mrefu. Hesabu inakuwa hivi: 355 toa 62 za kabati na jiwe lake, unabaki na 293. Kisiwa cha upana wa 80, zinabaki 213. Toa 120 upande wa meko, 93 upande wa pili. Urefu wa kisiwa 160, usizidi, kwa sababu kwenye ile 4.5 lazima pawe na mlango wa kwenda nje na nafasi ya friji kufunguka.

Viti virefu vya kukalia upande wa pili? Kwa 93 hapana. Mtu akikaa, nyuma yake hapapiti mtu mwenye sufuria ya moto.

#4 Mkenya_Najjera

Nimepanga nyumba Najjera, kisiwa kilikuwepo nilipoingia. Tunakitumia kila siku: chai ya asubuhi, kazi za shule za watoto, ugali unapakuliwa pale. Nadhani tatizo ni watu kujenga jiko la kisasa kisha kuendelea kupika kama hawana jiko. Badilisheni mazoea, kisiwa kitatumika.

#5 Hajjati_Bombo

Mwanangu wa #4, asante kwa maoni, lakini ugali wa watu watatu haujakuonyesha jiko. Subiri siku wakwe watakapokuja.

Mimi napikia watu kwenye harusi na matanga, na nyumbani kwangu Bombo hakupungui watu kumi mezani. Nisikilize binti wa Seeta.

Posho, huo ugali wenu, husongwa kwa mgongo na mabega. Sufuria kubwa lazima liwe chini ya kiuno chako ili mwiko uingie wima na uzito wako uusaidie. Sasa kaunta zenu zote ni sentimita 90 kutoka sakafuni. Weka meko juu yake, weka sufuria la kimo cha 30, mdomo wa sufuria uko 120. Kwa mwanamke wa kimo cha kawaida huo ni usawa wa kifua. Viwiko vinapanda juu, mwiko unainama, unga unashika pembeni na ndani zinabaki mabonge. Mpishi anachoka kabla maji hayajakauka. Ndiyo maana msichana wa kazi anatoka nje kwenye sigiri bila kuagizwa na mtu. Hajakataa usasa. Mwili wake umemwambia.

Matoke nayo. Kumenya mkungu mzima umesimama kwenye jiwe la graniti, nani anafanya hivyo? Tunakaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, majani pembeni, beseni la maji mbele, mikono imepakwa mafuta kidogo ili utomvu usigande. Utomvu ule ukidondokea jiwe jeupe na usifutwe papo hapo, baada ya muda unageuka doa la kahawia, na bibi mwenye nyumba anaanza kugomba. Watu wakigombezwa juu ya jiwe, wanaliacha.

Kwa hiyo jibu langu la kwa nini havitumiki: vimejengwa kwa kimo cha mkate na saladi.

#6 Nyakato_Mbarara

Hajjati nakuheshimu sana na kuhusu posho umesema kweli tupu. Lakini visiwa usivizike vyote.

Mimi huuza chapati na sambusa kwa oda hapa Mbarara. Kisiwa changu ndicho ofisi yangu. Hakina meko, hakina sinki, ni jiwe tupu na droo chini. Nilimwambia fundi akishushe hadi sentimita 83 kwa sababu mimi ni mfupi. Nasimama upande mmoja nasukuma, binti yangu upande wa pili anapaka mafuta na kukunja, mdogo wake mwisho wa meza anapanga madonge kwenye sinia. Graniti ni baridi, unga haushiki haraka kama kwenye mbao. Kabla ya hapo tulikuwa tumebanwa ukutani, kila mtu akimpa mwenzake mgongo.

Kwangu mimi faida ya kisiwa ni watu kuzunguka kazi moja wakitazamana. Nyumba ambayo anayepika ni mtu mmoja tu siku zote, kaunta ya ukutani inamtosha.

#7 Afande_Mstaafu

Salaam kutoka Gulu. Kuna kanuni ya pembetatu: friji, sinki na meko vitengeneze pembetatu, na mpishi asitembee sana. Nilisoma kwamba iligunduliwa na mwanamke mmoja Mjerumani aliyebuni jiko la Frankfurt mwaka 1926. Fuata pembetatu hiyo tu, mengine ni kelele.

#8 Mchoraji_Ntinda

Afande, naomba nirekebishe kwa heshima. Aliyebuni jiko la Frankfurt mwaka 1926 ni Margarete Schütte-Lihotzky, na alikuwa Mwaustria wa Vienna. Pembetatu si yake. Ile ilipata umbo lake Marekani miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha Illinois, ingawa Lillian Gilbreth alishaanza kupima nyendo za wapishi jikoni miaka ya 1920. Inasema kila upande wa pembetatu uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, jumla isizidi mita 8 hivi. Na kwa habari ya kisiwa: kisikate upande wowote wa pembetatu kwa zaidi ya sentimita 30, maana yake usizunguke jiwe kila unapotoka kwenye friji kwenda kwenye sinki.

Lakini zingatia jambo moja. Jiko la Frankfurt lilikuwa kama mita 1.9 kwa 3.4, jembamba, halina kisiwa, na lilikusudiwa mtu mmoja afanye kazi haraka peke yake. Pembetatu nayo inamfikiria mpishi mmoja. Nyumba ya Hajjati ina wapishi wanne. Ukiwachora wanne kwa pembetatu moja wanagongana kwenye kila kona.

Na kwa wapenda historia: mkuu wa mradi ule wa nyumba za Frankfurt aliitwa Ernst May. Baadaye alihamia Afrika Mashariki, na miaka ya 1940 ndiye aliyechora mpango wa kupanua Kampala kwenda Kololo na Naguru. Jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kitante ni lake pia.

#9 Mto_Arua

Kumbe! Nimepita pale makumbusho mara nyingi sijajua. Asante mchoraji, hii peke yake imenitosha kwa leo.

#10 FundiUmeme_Jinja

Mnazungumza chakula na historia, mimi nawaambia ninachokikuta nikiitwa nyumbani kwa watu. Kisiwa hakina soketi. Basi. Blenda haifiki, birika la umeme halifiki, sufuria ya presha ya umeme haifiki. Mtu anavuta waya wa kuongezea kutoka ukutani, unapita hewani kwenye njia, mtoto anajikwaa, kesho yake kila kitu kinarudi ukutani na kisiwa kinabaki na maua ya plastiki.

Dada wa Seeta, kama skridi ya sakafu, lile tabaka la sementi linalokaa juu ya zege chini ya vigae, haijamwagwa, una bahati. Chini ya skridi ya sentimita 5 unaweza kulaza bomba la waya la milimita 25 bila kuvunja zege. Laza mawili. Moja la soketi, waya wa milimita za mraba 2.5. La pili liache tupu na kamba ndani yake, siku ukitaka meko ya umeme fundi atavuta waya wa 6 wenye swichi yake peke yake kwenye boksi kuu. Bomba tupu ni bei ya soda ukilinganisha na kukata vigae baadaye.

Soketi ziwekwe ubavuni, chini ya ukingo wa jiwe, mbali na maji. Zile za kuchomoza juu ya jiwe katikati, hapana. Supu ya njugu ikimwagika inaingia moja kwa moja.

#11 BombaSafi

Fundi Umeme amesema bomba lake linapita kwenye skridi. La kwangu halipiti, na hapo ndipo watu wanadanganywa.

Maji machafu ya sinki yanahitaji bomba la milimita 40 au 50 na mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kutoka kisiwa hadi ukuta wa nje tuseme mita 3: ni sentimita 7.5 za kushuka, ongeza unene wa bomba lenyewe. Jumla unapita sentimita 12. Skridi yako ni 5. Lazima zege likatwe. Kuna fundi atakayekuambia atalilaza bapa na litapitisha tu. Litapitisha mwezi wa kwanza. Kisha mafuta ya binyebwa, ile supu ya njugu, yanaganda ndani na harufu inaanza.

Halafu kuna hewa. Sinki la ukutani bomba lake la hewa linapanda ukutani. La kisiwa linapanda wapi? Unahitaji vali ya kuingiza hewa chini ya sinki, na iwe mahali unapoifikia kwa mkono, kwa sababu siku moja itabadilishwa. Bila hewa, maji yakishuka kwa kasi yanafyonza yale yaliyobaki kwenye kona ya bomba, na harufu ya shimo inapanda jikoni.

Kwa zege lililokwisha kumwagwa, ushauri wangu: sinki libaki ukutani chini ya dirisha. Usikate.

#12 NyumbaSeeta

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Skridi bado. Sinki nimeelewa, linabaki ukutani. Sasa meko? Nilipenda wazo la kupika huku nawatazama wageni sebuleni.

#13 Mchoraji_Ntinda

Meko ya kisiwa yanataka feni ya kunyonya moshi iliyoning'inizwa darini, sentimita 65 hadi 75 juu ya meko, pana kuliko meko yenyewe kwa sababu hakuna ukuta wa kuuzuia mvuke usitawanyike. Na bomba lake lipande mpaka nje ya paa. Zile zisizo na bomba la nje huchuja mafuta na harufu kidogo tu, mvuke wote unarudi chumbani. Fikiria matoke yanayochemka taratibu tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Maji yote yale yanakwenda kwenye dari lako la jipsamu.

Na kama ni gesi, bomba lipite chini ya sakafu bila kiungo chochote njiani, mtungi ukae nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi dirishani, inatulia chini, ndani ya kabati, ikisubiri cheche. Mtungi ndani ya kabati la kisiwa lililofungwa pande zote siwezi kuuchora, hata mteja akinuna. Na ukutani pia, weka tundu la hewa usawa wa sakafu.

#14 Mkenya_Najjera

Mtungi wangu uko ndani ya kabati la kisiwa... Nyumba ya kupanga, ndivyo nilivyoikuta.

#15 Hajjati_Bombo

Mwanangu, utoe leo. Usisubiri Jumamosi. Mwite mwenye nyumba, na kama hapokei, toa tu, mpira mrefu wa gesi utaupata kwa wauza mitungi.

#16 Mkenya_Najjera

Sawa Hajjati, nimeshafunga vali. Kesho unahamia kwenye veranda.

#17 Mto_Arua

Mimi nina nadharia tofauti na zenu zote. Kisiwa hakitumiki kwa sababu jiko la kweli la Uganda liko nyuma ya nyumba, na sababu ya hilo ni mkaa. Matoke, maharage, kwato, vinataka moto mdogo wa saa nyingi, na hakuna atakayeacha gesi iwake saa tano. Mradi kuna mkaa, kuna sigiri, na mradi kuna sigiri, jiko la ndani ni la chai na mayai. Haijalishi kisiwa ni cha 83 au 90.

Sasa tangu mwaka 2023 Rais alipopiga marufuku mkaa wa biashara huku kwetu kaskazini, Acholi, Lango na West Nile, pamoja na Teso, bei hazijatulia. Mkaa ukiendelea kupanda, watu wataingia ndani wenyewe na visiwa vitaanza kazi. Msilaumu mafundi.

#18 Nyakato_Mbarara

Hapa Mbarara mkaa umepanda na sigiri zipo palepale nje, Arua. Naona watu wananunua kidogokidogo kwa kopo badala ya gunia. Sidhani bei ndiyo inayowaweka nje. Nje kuna hewa, kuna kivuli cha mwembe, kuna jirani wa kuongea naye.

#19 Busia_Mpakani

Halafu umeme wenyewe, kampuni ya Umeme wanakata watakavyo, nani atajenga jiko la kutegemea waya.

#20 FundiUmeme_Jinja

Ndugu wa Busia, Umeme mkataba wao wa miaka 20 uliisha tarehe 31 Machi 2025. Sasa ni UEDCL, kampuni ya serikali. Malalamiko yako peleka huko.

Na kuna bei ya kupikia ambayo wengi hawaitumii kwa sababu hawaijui: kwa nyumba za kawaida, uniti za kuanzia 81 hadi 150 kwa mwezi zinatozwa chini ya bei ya kawaida, makusudi watu wapikie umeme. Sufuria ya presha ya umeme inapika maharage bila mtu kukaa nayo, na inakaa popote penye soketi. Arua, hiyo ndiyo itakayoingiza watu ndani, kuliko bei ya mkaa. Ninaweka nyingi siku hizi.

#21 Mto_Arua

Maharage sawa. Matoke ya kwenye majani je? Yaingie kwenye presha? Ladha ya jani lililoungua kidogo chini ya sufuria utaipata wapi?

#22 Hajjati_Bombo

Hapo Arua umeongea.

#23 FundiNdeeba

Turudi kwa dada kabla uzi haujawa wa upishi. Tuseme kisiwa bila sinki, bila meko, 160 kwa 80. Kijengwe kwa nini?

Naona watu wanaweka kabati za ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa moja kwa moja sakafuni. Sisi tunaosha sakafu kwa kumwaga maji na kusukuma kwa mpira, si kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yanaingia chini ya kabati kila siku, ubao unavimba kama mandazi, mlango haufungi tena, bawaba zinang'oka. Hilo nalo linawafanya watu wakichukie kisiwa chao, sababu ambayo hamjaitaja.

Dawa yake ni kitako cha tofali cha sentimita 10 hadi 15 kilichobandikwa vigae kuzunguka, kabati likae juu yake. Kabati lenyewe liwe la plaiwudi ya baharini, ile inayohimili maji, au mbao ngumu iliyokaushwa vizuri. Mvule ukipata wa kweli ni mfalme, ila Ndeeba siku hizi uangalie sana unauziwa nini. Mbao mbichi zitapinda zikishafika kwako.

Jiwe: graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Lako la 160 kwa 80 ni kilo 69 hivi. Ukitaka litokeze kwa ajili ya viti, sentimita 30 ndizo zinazotosha magoti, na hapo uweke vyuma vya kulibeba. Nenda Katwe watakuchomelea kwa siku moja. Bila vyuma, mtoto akipanda kwenye ukingo linaweza kukatika.

#24 Busia_Mpakani

Kwa nini asijenge kwa tofali kisiwa chote? Kwetu watu wanafanya hivyo, hakivimbi.

#25 FundiNdeeba

Kinadumu, ndiyo. Lakini huwezi kukihamisha, na droo kwenye tofali hazikai sawa bila fremu ya mbao ndani. Ukiacha uwazi nyuma yake mende wanahamia familia nzima. Kama ni cha tofali, usiweke milango. Acha rafu wazi, jerikani za maji zisimame chini siku mfereji ukikauka. Acha uwazi wa sentimita 50 kwenda juu, jerikani ya lita 20 inaingia na mkono wa kuivuta.

#26 Nyakato_Mbarara

Wazo la jerikani limenigusa. Kwangu ziko tatu njiani na kila mtu anazipiga teke. Fundi, naweza kutoa droo za chini upande mmoja?

#27 FundiNdeeba

Unaweza. Hakikisha tu kuna nguzo kila baada ya sentimita 80 chini ya jiwe.

#28 Mchoraji_Ntinda

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, NyumbaSeeta, fanya hivi. Nunua chaki. Chora kisiwa kwenye zege, na makabati, na friji mlango wake ukiwa wazi. Panga maboksi au matofali kwenye mistari hadi kimo cha kaunta. Kisha walete watu mnaopika nao kweli, si mafundi. Mmoja abebe sufuria kubwa kutoka penye meko hadi penye sinki, mwingine afungue oveni, watoto wapite kwenda nje. Utaona zile 93 zinatosha au hazitoshi. Na msichana wako wa kazi umuulize anapenda kimo gani. Kiwiko chake kikiwa kimekunjwa, jiwe liwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15.

#29 Afande_Mstaafu

Mchoraji, nakubali marekebisho yako ya #8. Lakini bado nasema chumba cha 3.6 ni kidogo. Kaunta iliyoshikana na ukuta upande mmoja na kuachia upande mwingine ingempa jiwe lilelile na njia moja pana badala ya mbili nyembamba. Mke wangu anayo, inatenganisha jiko na sebule bila ukuta. Wanawe wanakaa pale wakimsimulia habari za shule.

#30 Nyakato_Mbarara

Afande, iliyoshikana na ukuta unaifikia pande tatu tu, na wakiwa wawili wanaotaka kupita wa ndani anafungiwa. Sisi tungegombana kila asubuhi.

#31 Hajjati_Bombo

Mimi namwambia achukue pesa ya kisiwa ajenge jiko la nje zuri: paa, sakafu ya sementi, meko mawili ya chini yenye bomba la moshi, benchi fupi la kukalia, na sinki lake. Watu wanajenga jumba la ghorofa halafu anayepikia familia nzima anachuchumaa mvuani chini ya bati moja. Hapo mwezi wa nne moshi na mvua vyote vinamwingia machoni. Hilo linaniuma kuliko kipimo chochote cha kisiwa. Ndani aweke meza ndogo ya chapati kama ya Nyakato, na amalize.

#32 Mkenya_Najjera

Hajjati, hapo nakubaliana nawe asilimia zote. Naongeza tu: meza hiyo iwe na magurudumu yenye breki. Siku ya wageni inasukumwa hadi mlangoni, chakula kinapakuliwa pale.

#33 FundiNdeeba

Magurudumu sawa kwa jiwe jepesi au mbao. Kwa kilo 69 za graniti kwenye vigae, usijaribu.

#34 NyumbaSeeta

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Jumapili nakwenda na chaki, na dada yangu, na Aunti anayetusaidia nyumbani, yeye ndiye atakayebeba sufuria. Hajjati, jiko la nje nilikuwa nimeliachia nafasi ya mita 2 tu ukutani mwa nyuma, nitamwita mchoraji wangu tulitazame upya. Fundi Umeme, mabomba mawili nalaza kwa vyovyote, kisiwa kiwepo kisiwepo.

BombaSafi, swali moja limebaki. Kama sinki la ndani liko chini ya dirisha la nyuma na la nje liko upande wa pili wa ukuta huohuo, naweza kutumia bomba moja la maji machafu?

#35 BombaSafi

Unaweza, na ndiyo njia ya bei nafuu. Yakutane nje, kwenye kisima kidogo cha kukamatia mafuta, kabla hayajaingia kwenye shimo kuu. Kiwe na mfuniko unaoinuka kwa mkono mmoja, kwa sababu kitasafishwa mara kwa mara. Kila sinki liwe na kona yake ya maji chini, usiyaache yashirikiane moja. Piga picha ya ukuta huo kutoka nje, uweke futi kamba pembeni yake nione kimo cha zege juu ya ardhi. Kama ni chini ya sentimita 30, tutahitaji kuchimba.